Kumi na Moja Mpaka Kumi na Tatu

Galu,
11 Machi 1999

Baba Alfani,

Shikamoo. Tangu tulipoondoka kwako Septemba ya mwaka juzi nimekuletea kadi moja tu ya Idd, na hilo ni kosa langu. Siku kumi na tisa tulizolala nyumbani kwako, mimi na Mbinya na watoto, wakati watu wa bara tulipokuwa tukifukuzwa Ukunda, hazijanitoka kichwani. Ulikuwa fundi wangu wa kamba, basi. Hukuwa na wajibu wa kutupokea.

Leo naandika kwa sababu ya kamba tena.

Hapa hotelini kuna mti wa mbambakofi ulioegemea chumba cha kulia. Tangu mvua zile za El Nino mizizi yake ya upande wa bahari imekaa wazi, na tawi lake kubwa limekauka. Lina urefu wa mita tisa na liko juu kabisa ya paa la makuti. Meneja anataka lishuke kabla ya wageni wa Julai. Nikishindwa, wataletwa watu wa Mombasa kuukata mti mzima, na sidhani baada ya hapo kutakuwa na haja ya mkata matawi hapa.

Kwa kamba za zamani siwezi kulifikia. Mkono mmoja lazima ushike kamba, na msumeno unataka mikono miwili. Lakini kuna mgeni Mjerumani, mkata miti huko kwao, ametuachia vifaa viwili, kimoja changu na kimoja cha Rai, mkata matawi wa hoteli ya jirani. Ni chuma chepesi cha ukubwa wa kiganja. Unapitisha kamba juu ya tawi zima, ncha moja unaifunga kwenye mkanda wako wa kiunoni, na upande wa pili unapita ndani ya hicho chuma, nacho kimefungwa kiunoni hapo hapo. Ukiegemea, jino la ndani linabana kamba, unabaki ulipo, mikono yote iko huru. Ukivuta mpini, jino linalegea, unashuka taratibu. Wenzangu Wadigo wameshakipa jina: ngadu, yaani kaa, kwa ajili ya gando lake.

Kamba yake Mjerumani aliondoka nayo. Karatasi ya maelezo ni ya Kijerumani na hapa hakuna anayekijua. Jambo moja tu linasomeka. Pamechorwa kipande cha kamba, na kando yake kuna alama ya kukataza, kama ile ya kibao cha kutoegesha gari, halafu 11–13 mm. Kwa hiyo kamba za unene huo ni marufuku. Naona bora unikatie ya milimita 16, maana nene ni salama zaidi. Urefu uwe pima ishirini na tano, kama mita arobaini na tano.

Barua nampa dereva wa pikapu ya samaki.

Mwanao,
Mutinda


Majoreni,
16 Machi 1999

Mwanangu Mutinda,

Marahaba. Barua imefika ikinuka changu lakini inasomeka. Nilifanya kosa la kuisoma kwa sauti mbele ya binti yangu Mapenzi. Amecheka mpaka akaweka kibaba chini. “Mkamba mzima anaomba kamba Majoreni! Baba, muulize kwao wameishiwa?” Nakuletea tusi hilo kama nilivyolipokea.

Sasa kazi. Nimeshika kamba za meli bandarini miaka ishirini na minane, na sijaona chuma kinachokataa saizi za kati kikaruhusu nene na nyembamba. Ni kama mlango unaomzuia mtu wa wastani ukapitisha mnene na mkondefu. Lakini Wajerumani wana mambo yao, na karatasi unayo wewe, sina mimi.

Sitakukatia ya 16 kabla hujajua kama inaingia. Nimefunga humu vipande vitatu vya pima moja moja, vyote vya nailoni, vya kusokota nyuzi tatu: 16, 14 na 10. Sikuweka 12 kwa kuwa umesema imekatazwa. Pitisha kila kimoja kwenye mdomo wa huyo ngadu wako, kisha uniambie anavyokishika na anavyokiachia. Usiniambie “vizuri” au “vibaya”. Niambie alifanya nini.

Msalimie Mbinya. Mwambie mwiko wake wa sima bado tunautumia.

Alfani bin Juma


Galu,
22 Machi 1999

Baba Alfani,

Shikamoo, na asante kwa vipande. Mwambie Mapenzi kamba kwetu hazijaisha, ila zote zimefunga punda.

Haya ndiyo yaliyotokea. Ya 16 haiingii kabisa. Ya 14 iliingia kwa kusukumwa na bisibisi. Ngadu akaibana, nilipovuta mpini hakuachia, ikabidi nimfungue kwa nyundo ya mbao. Ya 10 inapita bila taabu. Nilifunga mfuko wa saruji wa kilo hamsini, nikauning'iniza kwenye boriti ya stoo. Ngadu aliushika saa nzima bila kuteleza hata unene wa kidole. Nilipovuta mpini mfuko ulishuka. Mara moja ulishuka kwa kasi kuliko nilivyotaka, lakini hilo nadhani ni mkono wangu, bado haujamzoea.

Kwa hiyo ni ya 10. Naomba pima ishirini na tano.

Mvua zimeanza kutishia. Nataka nijaribu kabla ya Pasaka.

Mutinda


Majoreni,
29 Machi 1999

Mwanangu Mutinda,

Furushi hili ndilo lako. Nailoni, milimita 10, nyuzi tatu, mpya kutoka rola ambayo sijaikata kwa mtu mwingine. Ncha zote mbili nimeziziba kwa moto na kuzifunga uzi.

Nina mashaka mawili, na nayaandika ili yawe yameandikwa. La kwanza: wewe si mfuko wa saruji. Mfuko haujitingishi, haushuki na kusimama, na haukuning'inia kwenye mvua. La pili: ule mshuko wa kasi. Umesema ni mkono wako. Inawezekana. Lakini fundi akinieleza kasoro halafu akaisamehe papo hapo, huwa naiandika kasoro na kuuacha msamaha.

Jaribu chini kwanza, miguu ikigusa mchanga. Jaribu ikiwa kavu, halafu imwagie maji ujaribu tena. Kisha niandikie kila ilichofanya, hata kama ni kunitukana. Nimeuza kamba kwa watu wengi wenye adabu wasiorudi kuniambia kitu, na sijajifunza lolote kwao.

Alfani


Galu,
9 Aprili 1999

Baba yangu mpenzi Alfani,

Shikamoo sana. Kamba imefika na ni nzuri mno. Sina neno la kusema ila shukrani. Umenisaidia kama ulivyonisaidia siku zile, na kila siku nyumbani kwangu jina lako linatajwa kwa heri. Mungu akuongezee umri.

Kazi ya mbambakofi haijaanza kwa ajili ya mvua. Mwandiko usikushangaze, kalamu yenyewe ni mbovu.

Mbinya anakusalimu sana.

Mwanao mwenye shukrani,
Mutinda


Majoreni,
14 Aprili 1999

Mwanangu Mutinda,

Nimefurahi. Mapenzi ameniambia nimetembea na barua yako mfukoni tangu juzi kama mtu aliyechumbiwa, na siwezi kukana.

Ila barua yenyewe ni ngeni kidogo. Haina hata namba moja. Wewe uliwahi kuniandikia uzito wa nazi. Safari hii nimepata umri mrefu na heri, lakini sijui kamba ilifanya nini ilipolowa. Ukipata nafasi niandikie.

Rai alifika hapa jana. Nilimsomea barua yako, naye hakutaka kusikia zaidi. “Kama Mutinda hana neno, mimi ni nani niwe nalo?” Nimemkatia pima ishirini na tano kutoka rola ile ile. Amekwenda kwao Kinango kwa siku chache na ngadu wake mfukoni. Anaanza kupanda mivinje ya hoteli yao Jumatatu, tarehe 26.

Alfani


Galu,
17 Aprili 1999

Mzee Alfani,

Shikamoo. Anayekuandikia leo ni mimi, Mbinya. Mutinda hajui, na akijua atakasirika, nami niko tayari.

Ile kamba ilimwangusha.

Ilikuwa Jumamosi ya kabla ya Pasaka, tarehe 3. Alijaribu chini kama ulivyomwambia, ikiwa kavu, ikashika. Ya kulowa hakujaribu. Alipanda asubuhi ile, manyunyu yakaanza yeye akiwa juu kama mita sita. Nilikuwa chini nikimshikia ndoo ya vifaa. Akaegemea ili akae. Ngadu akashika, akaachia, akashika, akaachia. Kamba ikawa inapita inaruka ruka kama mnyororo wa baiskeli. Mutinda akaikamata kwa mkono wa kulia na mkono ukachunika kiganja kizima. Alianguka mita tatu za mwisho kwenye mchanga, akateguka kifundo cha mguu. Hotelini amesema ameungua na sufuria. Barua uliyoipata aliiandika kwa mkono wa kushoto, mchana kutwa, akichana karatasi.

Nilimuuliza kwa nini hakuambii. Alisema, “Nimwambie nini? Mtu amenilaza nyumbani kwake siku kumi na tisa, jirani zake wakimnunia, leo nimwambie kamba yake mbovu?” Nikamwambia mzee aliomba aambiwe. Akasema, “Wazee husema hivyo.”

Nilinyamaza kwa sababu nilidhani madhara ni yetu peke yetu. Jana imefika barua yako yenye habari za Rai. Nilimsomea Mutinda. Akasema Rai akirudi atakwenda mwenyewe kumwambia. Mguu wake haumfikishi hata getini. Na Rai, mzee, unamjua vizuri. Akipewa kitu kipya hangoji tarehe.

Kwa hiyo nakuomba umzuie Rai. Mimi nimekwenda hotelini kwao nikaacha ujumbe kwa askari wa getini, lakini Kinango siwezi kufika.

Kuna jambo jingine. Ile karatasi ya Kijerumani sikuwahi kuiona hadi jana. Mutinda anasema ni alama ya kukataza. Mimi nimeiangalia sana. Kibao cha barabarani ni chekundu na kikubwa. Hii ni ndogo, imekaa kwenye mstari pamoja na namba kama herufi. Nimeiweka karatasi dirishani nikaifuata kwa penseli, hii hapa:

Ø 11–13 mm

Wewe umefanya kazi na meli za watu wa kila nchi. Hii ni nini?

Nisamehe kwa barua isiyo na maneno matamu. Tunakushukuru kwa yote, na ndiyo maana nimeandika.

Mbinya


Majoreni,
18 Aprili 1999

Rai,

Usiipande ile kamba. Wala usijaribu chini. Mutinda ilimwangusha, na barua niliyokusomea iliandikwa kwa adabu, si kwa ukweli.

Aliyekuletea karatasi hii ni binti yangu Mapenzi. Ameambiwa asirudi bila kamba yenyewe, pima zote ishirini na tano. Mpe.

Alfani bin Juma


Kinango,
18 Aprili 1999

Mzee Alfani,

Shikamoo. Naandika haraka, Mapenzi amesimama hapa mlangoni kama karani wa mahakama na hataki hata chai.

Alinikuta nyuma ya zizi. Neno la kwanza: “Toa kamba.” Nikamwambia, dada, karibu kwanza, kama ni mbuzi wa kufunga tutakutafutia kamba nyingine. Akaangalia juu.

Kamba ilikuwa juu, mzee. Nilikuwa nimeshaipitisha kwenye mkwaju na ngadu yuko kiunoni. Ndugu zangu sita walikuwa wameketi wakingoja, maana tangu nifike nimekuwa nikijisifu kwamba nitasimama hewani na kunywa uji kwa mikono miwili. Uji ulikuwa tayari. Na mkwaju ulikuwa bado umelowa mvua ya asubuhi.

Mapenzi ameniambia mbele ya wote, “Kunywa uji wako chini kama binadamu.” Wamecheka, na watanicheka mpaka mavuno. Waache wacheke.

Kamba hii hapa yote. Asante, mzee. Sijui niandike nini zaidi ya asante. Mapenzi amenieleza habari ya kiganja. Mwambie Mutinda nikimkuta nitamchapa kiganja cha pili, halafu nitamkatia matawi yake yote hadi apone.

Rai


Majoreni,
24 Aprili 1999

Mutinda na Mbinya,

Rai ni mzima na kamba iko kwangu. Nimeikata vipande vya nusu pima ili isimtamanishe mtu mwingine. Itafungia kuku.

Naanza na Mbinya. Alama uliyoifuata kwa penseli nimeiona kila siku kwa miaka ishirini na minane. Imo kwenye kila mchoro wa mashine uliopita bandarini. Si ya kukataza. Inasema kipenyo, yaani upana wa kitu cha duara kutoka ukingo hadi ukingo ukipitia katikati. Karatasi inasema: kamba ya kipenyo cha milimita 11 mpaka 13. Hizo si zilizokatazwa. Ndizo peke yake zinazotakiwa. Sisi tulizunguka nje yake pande zote mbili kwa uangalifu mkubwa. Asante kwa penseli yako. Ningeiona alama hiyo Machi, Mutinda angekuwa na viganja viwili.

Hapo kosa ni langu pia. Nilijua hakuna mtengenezaji anayekataza katikati. Niliandika utani wa mlango, nikaishia hapo. Ilinipasa kusema: nichoree. Lakini mtu aliyekaa na Mjerumani alikuwa ameniandikia kwa uhakika, na mimi nikaona aibu kuonekana mzee asiyejua mambo mapya.

Sasa wewe, Mutinda.

Uliniandikia shukrani ukurasa mzima kwa mkono wa kushoto. Nikaichukua barua hiyo nikamsomea Rai, naye akaenda kutundika kamba juu ya mkwaju uliolowa. Mapenzi alifika uji ukiwa bado wa moto. Nataka ulijue hilo bila kupunguziwa. Shukrani zako zilikuwa zinamuua mtu, na mimi ndiye niliyekuwa nazibeba.

Na kuhusu siku zile kumi na tisa. Jirani walininunia, ni kweli, kama wiki mbili, kisha wakahitaji kamba. Mbinya alitupikia. Wewe ulipangua makuti ya paa langu ukayapanga upya, na halijavuja hata mwaka wa mvua ile. Sikuwapokea ili baadaye mniogope. Ukiona kwamba ulikula chakula changu, basi ulipaji wake ni huu: kamba yangu ikifanya jambo baya, mimi niwe wa kwanza kulisikia. Ukinificha, umenirudisha kwa wale wateja wenye adabu.

Yamekwisha. Tuzungumze kamba.

Unene haukuwa kosa pekee. Ngadu ana jino laini, na kamba ya kusokota ina matuta. Jino linashika tuta, uzito unalivusha, linaangukia bonde, linashika tena. Hiyo ndiyo ruka ruka aliyoiona Mbinya. Kwa hiyo unataka kamba ya kusuka, ya mviringo kamili, yenye kiini ndani na ala ngumu nje, isiyobonyea ukiifinya. Nailoni inavutika. Ukiwa mita kumi na tano juu, utaegemea na kujikuta umeshuka nusu mita kabla haijakaza. Ile nyepesi inayoelea majini ndiyo mbaya zaidi, ikisuguliwa kwa kasi huyeyuka. Iliyobaki ni poliesta.

Nimekwenda Shimoni kwa nahodha mmoja wa boti za kuvulia samaki wakubwa. Alikuwa na rola ya kamba ya tanga ya kusuka, poliesta, haijatumika. Nimeipima kwa kalipa mahali kumi. Pembamba zaidi 11.8, penene zaidi 12.1. Nimeilowesha usiku kucha nikaipima tena, imefika 12.3. Hata ikivimba haitoki nje ya namba za karatasi. Pima ishirini na tano ni hizi.

Usipande mpaka kiganja kiote ngozi. Ukianza, jaribu usawa wa goti mara kumi kavu na mara kumi imelowa. Na kila unaposimama kufanya kazi, piga fundo kubwa kwenye kamba chini ya ngadu, shubiri mbili, ili akiteleza asifike mbali.

Kisha niandikie.

Alfani


Galu,
12 Juni 1999

Baba Alfani,

Shikamoo. Naandika kwa mkono wa kulia. Ngozi ya kiganja ni mpya na haina alama zile za zamani. Mbinya anasema nimepata mkono wa karani.

Tawi la mbambakofi limeshuka jana, Ijumaa, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Nililishusha kwa vipande saba. Kipande kikubwa kilikuwa na uzito wa kama kilo themanini, na Rai alikishika kutoka chini kwa kamba yako nyingine ya katani, iliyozungushwa mara tatu kwenye shina. Makuti yaliyoharibika ni manne. Mti umebaki. Meneja alitoka jikoni na kikombe chake, akaangalia juu, akasema, “Ndiyo hivyo tu?” Rai akamjibu, “Tungeweza kuanguka kidogo kama bosi angependa.”

Nilikaa juu saa tatu bila kushika kamba. Nilisahau kwamba sijaishika. Nilikumbuka nilipotaka kujikuna nikakuta mikono yote miwili ina nafasi.

Nilijaribu kwanza kama ulivyosema, usawa wa goti, mara kumi kavu, mara kumi imelowa. Mbinya alihesabu kwa vijiti, maana alisema hesabu yangu haiamini tena. Zote ishirini ngadu alishika. Nilipima alivyoteleza kabla ya kukaza: kavu, chini ya sentimita mbili. Imelowa, sentimita tatu, na mara moja nne. Rai naye amekwisha kujaribu hivyo hivyo na anaomba pima ishirini na tano kama bado zipo.

Sasa kasoro za kamba yako.

Ya kwanza. Ni laini na inateleza mno pale inapopita juu ya tawi. Kila nilipohama iliserereka kuelekea ncha, na mara mbili ilinivuta ubavu. Nimefunga kipande cha gunia kwenye tawi, lakini si dawa. Tafakari.

Ya pili. Ala inachubuka na gome la mbambakofi ingawa uliiita ngumu. Kwa siku moja nimehesabu mahali kumi na sita palipotoa manyoya, na pawili pa kiasi cha ukucha. Sijaona kiini. Nakutumia urefu wa shubiri niliokata mwishoni ili uuone mwenyewe.

Ya tatu ni ndogo. Ulivyoiziba ncha kwa moto umeacha donge, na donge haliingii mdomoni mwa ngadu. Nililikata kwa kisu. Ulipaswa kujua.

Ya nne si ya kamba, ni yako. Uliandika fundo likae shubiri mbili chini ya ngadu. Shubiri mbili linagonga goti kila ukigeuka. Nimeliweka nne.

Mbinya ameisoma barua hii hadi hapa akaniuliza shukrani iko wapi. Nimemwambia arudi aanze pale kwenye kasoro ya kwanza.

Mutinda